Kikomo cha Kumbukumbu

Mkurugenzi alizungumza kuhusu msiba kwa dakika ishirini, na Inspekta alimwacha azungumze. Alikuwa amepandisha mguu mmoja juu ya mwingine kwenye kiti cha wageni, daftari limefunguliwa mapajani, kalamu haijagusa karatasi. Pembeni ya dirisha aliketi Wakili wa kampuni, mtu mwembamba aliyetazama saa yake kila baada ya muda.

Miezi sita ilikuwa imepita tangu ukuta wa kuzuia mlima uporomokee zahanati na kuua watu tisa. Wa tisa alikuwa mhandisi wa kampuni hii hii, kijana wa miaka ishirini na minane ambaye ofisi nzima ilimwita Mpole. Ripoti iliyosema ukuta ni salama ilikuwa na sahihi mbili, ya Mkurugenzi na ya Mpole. Tangu siku ya maziko, kila aliyemsogezea Mkurugenzi kipaza sauti alipewa maneno yale yale: hesabu ilipigwa yote, mashine haikuwa na kasoro, ila kijana, Mungu amlaze pema, aliingiza vipimo vibaya vya udongo.

"Ripoti inasema mlipiga hesabu ya mlima mzima," Inspekta alisema hatimaye.

"Mlima mzima na ukuta wote. Ndiyo utaratibu."

"Kwa saa tano."

"Kwa saa tano."

"Mtaalamu wa tume ya uchunguzi anasema hesabu ya namna hiyo inakula giga mia moja na kumi na nane za memori."

Mkurugenzi alitabasamu kama mtu aliyelisubiri swali hilo tangu alfajiri. "Ndiyo maana tuna mashine ya giga mia na ishirini na nane. Twende ukaione kwa macho yako, dada."

"Mimi si dada yako. Niite Inspekta."

Chumba cha wahandisi kilikuwa mwisho wa korido. Meza ya Mpole ilikuwa imeachwa kama ilivyokuwa: kikombe, rula, na kompyuta ya mezani yenye kasha jeusi. Mkurugenzi akavua ubavu wa kasha kwa mkono mmoja. Haukuwa na skrubu hata moja.

Inspekta alivaa glavu, akashusha miwani puani, akamulika ndani kwa tochi. Vumbi la kahawia lilikuwa limetanda kila mahali. Feni ilikuwa imeota ndevu. Waya ulioguswa uliacha mstari. Lakini vile vijiti vinne vya memori, vilivyosimama sambamba kwenye nafasi zake, vilikuwa safi kama vijiko vya harusi.

"Giga thelathini na mbili, mara nne," Mkurugenzi alisema. "Hesabu mwenyewe."

Inspekta alihesabu. Kisha akanakili namba za kila lebo, polepole, mpaka Wakili akakohoa.

"Na kitabu cha madabodi hiki hapa," Mkurugenzi aliongeza, akimfungulia ukurasa. Maandishi yalikuwa wazi: ubao mkubwa wa mashine hii una nafasi nne, kila moja inapokea hadi giga thelathini na mbili, jumla mia na ishirini na nane.

Inspekta alisoma mara mbili. Kitabu kilikuwa cha ubao ule ule, namba zilifanana. Kama ni hivyo, mtu huyu alikuwa anasema kweli, na jalada lote lililokuwa kwenye mkoba wake lilikuwa limebaki makaratasi matupu.

"Naomba tuiwashe."

"Hapana." Jibu lilitoka haraka mno. Mkurugenzi akalainisha sauti. "Fundi alinishauri isiwashwe mpaka wataalamu wenu wawepo. Isije ikasemwa tumeichezea."

"Fundi gani?"

"Mama mmoja ana kibanda nyuma ya soko. Wanamwita Mama Bisibisi. Hana maneno mengi."

"Jambo la mwisho. Siku ukuta ulipoanguka, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Mpole alikupigia simu. Mliongea dakika nne."

"Aliomba likizo."

"Dakika nne?"

"Vijana wa siku hizi, likizo wanaieleza kama ndoto."

Inspekta alifunga daftari. Akatoka, akabandika lakiri ya polisi mlangoni, akamweka askari mmoja nje na kuondoka na ufunguo. Kwa katibu muhtasi, aliomba nakala ya hati ya kazi ya mwisho iliyofanywa kwenye mashine ile. Akaipata bila shida. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu tu zilizopita.

Ndani ya gari alilinganisha namba alizonakili. Kila kijiti kilikuwa na tarakimu nne za kiwanda: mbili za mwaka, mbili za wiki. Vyote vinne vilitengenezwa wiki ya thelathini na moja. Ukuta ulianguka wiki ya kumi na nne ya mwaka huo huo.

Vijiti vile havikuwa vimezaliwa wakati watu tisa wanakufa.

Akawasha gari kuelekea sokoni. Njia nzima aliamini kwamba anakwenda kumkamata mshirika.

*

Kibanda kilikuwa cha hatua tatu kwa tatu, rafu zimejaa kompyuta zilizokufa, na hewa ilinuka risasi ya kuunganishia waya. Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini alikuwa amemwinamia mteja wake wa chuma, anamsugua feni kwa mswaki. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni chaja, zimekwisha."

Inspekta aliweka kitambulisho mezani. Mama Bisibisi alikitazama, akaendelea kusugua.

"Ni wewe uliyeweka vijiti vinne vya memori kwenye mashine ya kampuni ya wahandisi?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Hati unayo hapo mkononi."

"Madabodi ya mashine ile inabeba giga ngapi?"

"Mia na ishirini na nane. Kitabu kinasema."

"Basi Mkurugenzi anasema kweli."

"Umeniuliza madabodi." Mswaki ukasimama. "Prosesa hujaiuliza."

Inspekta akavuta stuli, akakaa bila kukaribishwa. "Niambie."

"Memori haisomwi na ubao. Ubao unaipa pa kukaa tu. Anayeisoma ni prosesa, na kila prosesa ina kikomo chake. Ubao ule ulitengenezwa kupokea prosesa za aina mbili, za zamani na zilizofuata. Hiyo mia na ishirini na nane ya kitabu ni kwa zile zilizofuata. Chini ya ukurasa yapo maandishi madogo yanasema hivyo, ila nani anasoma maandishi madogo? Prosesa iliyo kwenye mashine ile ni ya zamani. Mwisho wake giga sitini na nne. Mashine naijua, niliiunda kwa mikono hii. Ilikuwa na vijiti vinne vya giga kumi na sita."

"Ukiizidishia?"

"Nyingine zinawaka, zinahesabu zinachoweza. Ile haiwaki kabisa."

"Umejuaje?"

"Tulijaribu. Mpole aliazima vijiti vikubwa mahali, tukavitia hapa hapa, juu ya meza hii. Ikagoma. Ilikuwa miezi miwili kabla ya ukuta kuanguka. Akasema, basi nitamwambia mzee tukodi mashine kubwa, hii hesabu haiingii humu."

"Akamwambia?"

"Akamwambia. Akajibiwa asilete uvivu wa chuo kikuu ofisini, atie sahihi yake tu."

Inspekta aliandika yote, kisha akainua kichwa. "Kwa hiyo Mkurugenzi alipokuja kwako wiki tatu zilizopita, ulijua mashine haitawaka."

"Nilijua."

"Na hukumwambia."

"Hakuniuliza. Aliniambia, jaza nafasi zote nne, ionekane mia na ishirini na nane, tume inakuja. Nikajaza. Sijawahi kutii mtu vizuri namna ile."

"Ushauri wa kutoiwasha ulikuwa wake?"

"Wangu."

"Kwa nini?"

Mama Bisibisi akavua miwani. Bila miwani, macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Mashine ilikuwa imefungiwa tangu msiba, yule bwana anaogopa hata kuigusa. Tume ilipotangaza kuja, akataka niiwashe kwanza nimfutie mambo ya marehemu, ndipo nijaze memori. Nikamwambia kufuta kunaacha alama, wataalamu wataiona. Bora ukae nayo imezimwa, wakute imejaa tu. Akanishukuru. Ingekuwa inawaka, Inspekta, sasa hivi usingekuta hata herufi ndani yake."

Nje, mtu alipiga honi, akatukanwa, akapiga tena. Inspekta alitoa karatasi ya pili mkobani, akazilaza zote mbili sambamba mezani. Moja ilikuwa hati ya kazi. Ya pili ilikuwa fomu ya chumba cha maiti, ya mtu aliyeutambua mwili wa Mpole na kuuchukua. Sahihi ya zote mbili ilijikunja mwishoni namna moja, kama waya uliopindwa kwa koleo.

"Fomu inasema mama mdogo," Inspekta alisema taratibu.

"Dada yangu alifariki mtoto ana miaka minne. Nikamchukua." Alizitazama karatasi bila kuzigusa. "Ofisini hakusema mimi ni nani yake. Aliogopa wangesema analeta ndugu zake kwenye kazi. Aliniita fundi. Mbele za watu, 'fundi, habari za leo.' Jioni nyumbani, 'mama, leo ulikuwa mkali.' Tulikuwa tunacheka."

"Pole, mama."

"Sitaki pole. Nimepewa pole na yule bwana pia. Alinipa hapo ulipokaa, hajui anampa nani. Akasema, yule kijana ametuponza sote." Alichukua bisibisi, akaishika kama kisu cha kuchambulia samaki, akairudisha mezani. "Siku ile nilikuwa na hii mkononi. Nikaiona shingo yake. Nikajiambia hapana, huyu akifa atazikwa na heshima zake. Nataka abonyeze mwenyewe. Abonyeze kitufe, mbele ya watu, na mashine imkatae."

"Unajua umechezea ushahidi? Naweza kukukamata."

"Nikamate. Ila iwe kesho, akishabonyeza."

Inspekta alikunja karatasi zake. Alikuwa na kesi mbili mezani sasa, na alijua ipi itangulie. "Vijiti vya zamani viko wapi?"

Mama Bisibisi alivuta mtoto wa meza, akatoa kopo la bati. Ndani, juu ya kitambaa, vililala vijiti vinne vyenye vumbi la kahawia.

"Saa mbili asubuhi," Inspekta alisema. "Njoo navyo. Na usimsogelee yule mtu karibu kuliko urefu wa meza."

*

Saa mbili na dakika tano, lakiri ilikatwa. Waliingia wanne: Inspekta, Mkurugenzi, Wakili na Mama Bisibisi akiwa na mfuko wake wa vyombo. Askari akabaki mlangoni.

"Vijiti hivi vimetengenezwa miezi minne baada ya ukuta kuanguka," Inspekta alianza.

Mkurugenzi hakupepesa macho. "Vya zamani viliharibika. Tukabadilisha kwa ukubwa ule ule. Si ndiyo, fundi?"

Mama Bisibisi alikuwa anachomeka waya wa umeme.

"Basi hakuna tatizo," Inspekta alisema. "Wataalamu ni sisi, tumefika. Iwashe."

"Mimi?"

"Ni mashine yako."

Mkurugenzi akanyoosha kidole, akabonyeza. Feni zikazunguka, vumbi likaruka. Taa ndogo nyekundu ikawaka kando ya vijiti vya memori. Feni zikasimama. Zikazunguka tena, zikasimama. Kioo kikabaki cheusi.

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Taa nyekundu. Kimya.

Mara ya tatu alikuwa ameanza kutokwa jasho juu ya mdomo. "Fundi, imekuwaje?"

"Imekataa."

"Imekataa nini? Si uliniambia iko sawa?"

"Uliniambia niijaze. Imejaa."

"Nilikwambia ionekane mia na ishirini na nane, mama! Sasa itaonekanaje kama haiwa..."

"Nyamaza," Wakili alisema.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kalamu ya Inspekta ilikuwa imeshalifuata mpaka mwisho. Mkurugenzi akamtazama Wakili, kisha kalamu, kisha yule mwanamke. Ndipo kwa mara ya kwanza akaona kwamba anatabasamu. Halikuwa tabasamu la mtu mwenye furaha.

"Rudisha vya zamani," Inspekta aliagiza.

Ilichukua dakika mbili. Vijiti vinne safi vikatoka, vinne vya vumbi vikaingia, kila kimoja kikilia 'tak' kwenye nafasi yake. Mama Bisibisi akabonyeza mwenyewe. Mashine ikawaka kama iliyokuwa imelala tu, na kwenye kioo mstari mmoja ukajiandika: memori, giga sitini na nne.

"Hesabu yako ilihitaji mia na kumi na nane," Inspekta alisema. "Hii haijawahi kuwa na zaidi ya sitini na nne, wala haiwezi. Hesabu ya ripoti haikupigwa humu."

"Mashine inaweza kuazima nafasi kwenye diski," Mkurugenzi alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Muulize yeyote. Memori ikipungua inaazima."

Inspekta akamgeukia fundi.

"Inaazima," Mama Bisibisi alikubali. "Hesabu kubwa vile, kwa diski ile, ingemaliza wiki tatu. Ripoti yako inasema saa tano."

Inspekta akavuta kiti, akafungua mafaili ya Mpole kwa tarehe, akisoma kila jina kwa sauti ili liingie kwenye maelezo. Programu ya hesabu ilikuwa inajiandikia kila kilichofanyika. Kijana alikuwa ameijaribu hesabu ya mlima mzima mara saba kwa wiki mbili. Mara zote saba programu ilijibu sentensi moja, kwamba memori haitoshi. Hapakuwa na mara ya nane.

Palikuwa na kitu kingine. Asubuhi ya siku ya ajali, Mpole alikuwa amekata kipande cha chini cha ukuta peke yake, kipande ambacho giga sitini na nne zingekitosha, akakipigia hesabu. Ilimalizika saa tatu na dakika arobaini. Chini ya matokeo aliandika maneno yake mwenyewe, akayatuma kwa Mkurugenzi. Dakika kumi baadaye alipiga simu. Saa tano na robo ukuta ukaanguka.

Inspekta alisoma maneno yale kimya. Kisha akageuza kioo kuelekea upande wa pili wa meza.

"Kuna nesi aliyepona," alisema. "Alituambia kijana mmoja aliingia zahanati akipiga kelele watu watoke. Walidhani amechanganyikiwa. Alitoa watu ishirini na sita, akarudi kuwavuta waliokataa. Hatukuwahi kujua ni nani. Wewe ulijua. Alikwambia kwa simu anakwenda."

Macho ya Mkurugenzi yalikuwa kwenye kioo na midomo yake ilikuwa inatembea.

"Kwa sauti," alisema Mama Bisibisi.

"Mteja wangu halazimiki kusoma chochote," Wakili alisema.

"Halazimiki," Inspekta alikubali.

Mama Bisibisi alisimama upande wake wa meza, mikono imeshika ukingo. Hakusogea hata inchi. "Siku aliyokuletea hukuisoma. Miezi sita umemzika kila siku kwenye redio. Mimi ndiye niliyemlea. Ni mtoto wangu. Isome."

Mkurugenzi alimtazama kana kwamba ameingia chumbani wakati huo huo. "Mama... mimi nina watoto."

"Mimi nilikuwa naye mmoja. Isome."

Wakili aligusa mkono wa mteja wake. Mteja akautoa. Akasoma, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "'Nimepima kipande cha chini tu. Udongo ukilowa, ukuta hausimami. Jana usiku mvua imenyesha. Naomba watu wa zahanati watolewe leo, mzee. Leo hii.'"

"Sikusikia," alisema Mama Bisibisi.

Akasoma tena. Kwenye neno 'mzee' sauti ikamkatika.

"Tena."

"Inatosha," Inspekta alisema.

"Kwako imetosha. Tena."

Inspekta angeweza kumtoa nje. Aliangalia saa, akaandika muda kwenye daftari, akachukua muda mrefu kuuandika. Mkurugenzi alisoma mara ya tatu mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kiti cha Mpole bila kuambiwa, akafunika uso. Askari aliingia. Mkurugenzi akasomewa makosa mawili, la kusababisha vifo vya watu tisa na la kughushi ushahidi, akafungwa pingu na kuteremshwa ngazi mbele ya wafanyakazi wake waliokuwa wamejipanga koridoni. Hakuna aliyempisha kwa haraka. Ilibidi apite ubavuubavu.

Mama Bisibisi alikusanya vyombo vyake, kila bisibisi kwenye mfuko wake. Moja ilimdondoka. Inspekta akaiokota.

"Kuhusu ulichofanya wewe, lazima niandike," alisema. "Ulijua, ukanyamaza, ukaweka vijiti. Hakimu ataamua."

"Andika yote. Usinipunguzie."

"Utakuja mwenyewe kituoni, au nikufuate?"

"Nitakuja mchana. Kuna mteja anasubiri mashine yake."

Inspekta alisita mlangoni. "Moyo umetulia sasa, mama?"

Mwanamke yule alifunga mfuko wake, akaubana kwapani. "Bado. Mwambie kila kesi yake itakapotajwa nitakuwepo. Nitakaa kiti cha mbele, pale anaponiona." Akapita kando ya Inspekta, akaanza kushuka ngazi, mkono ukutani, hatua moja moja.